Shairi la utani kwa Rossini: mizani inazidi

Muulizaji: Wakuu, naandaa shairi la utani la siku ya kuzaliwa ya Gioachino Rossini, mtunzi wa opera wa Italia, mzaliwa wa Pesaro, 29 Februari 1792. Tarbia (ubeti wa mishororo minne), mizani (silabi) 8 kwa 8. Mshororo huu unanishinda: "Rossini alizaliwa, Februari ishirini na tisa". Nipunguze nini?

Mizani8: Usipunguze, gawa. "Februari ishirini" peke yake ni 8 kamili. Iweke kwenye ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), "na tisa" ianze utao (nusu ya pili). Kina cha kati kinakuwa -ni, na Rossini mwenyewe anaingia bila kulazimishwa:

Mtunzi wetu Rossini, keki ngumu kukatiwa,
Februari ishirini, na tisa alizaliwa,
Ana sita na sabini, kumi na nane kapewa,
Mishumaa i dukani, yangoja kununuliwa.

Angalia "mtunzi": m inahesabiwa, kwa hiyo ni 3. Wengi huhesabu 2, wakapachika neno la kujazia, na hapo ndipo shairi linapochechemea. Rossini nayo ni 3 licha ya s mbili.

Kinanda: Keki 18 zimetoka wapi? Tarehe 29 Februari huja kila miaka 4, na 76 ukigawa kwa 4 ni 19.

Mizani8: Mwaka 1800 haukuwa mrefu (wa siku 366), mwaka wa mamia usiogawanyika kwa 400 hukosa tarehe 29 Februari. Baada ya 1796 aliruka hadi 1804. Kufikia 1868, mwaka aliofariki, ni mara 18.

Kinanda: Miaka 8 bila keki! Ubeti wa pili uanzie hapo.