Kondakta wa okestra anayelea vijana, kakwama au kachagua?

Fidla_ya_Pili:
Wakuu habari zenu. Kondakta ninayemsema hapa sio wa kukata tiketi, ni yule anayesimama mbele ya okestra na kijiti, nafafanua mapema maana nyumbani nilivyosema nataka kuwa kondakta walicheka mpaka basi 😂

Iko hivi, napiga fidla kwenye okestra ya vijana, mwaka wa 3 huu. Anayetuongoza ameshasimama mbele ya okestra kubwa kubwa, ila muda wake mwingi yuko na sisi, anatusahihisha mpaka namna ya kushika upinde. Juzi kaniita pembeni, kasema wiki ijayo nishike kijiti dakika 10. Tangu hapo usingizi sina. Sasa mtu kama huyu kakwama kwetu au kachagua mwenyewe? Na mimi nikitaka hii njia naanzia wapi? Nawasilisha.

MzeeWaBesi:
Hizo dakika 10 usizidharau mkuu. Wewe na fidla yako unaweza kujifungia chumbani siku nzima, lakini kondakta chombo chake ni watu, utawafungia wapi watu 60? Ndo maana anayekuachia jukwaa lake kakupa kitu ambacho pesa hainunui kirahisi.

Mimi mara ya kwanza niliumbuka. Nilinyanyua kijiti, wakaanza, kumbe mimi nasubiri niwasikie ndo nipige mpigo unaofuata na wao wananisubiri mimi, basi wimbo ukawa unapungua kasi, unapungua, unapungua, ukafa kama saa iliyoisha betri. Hakuna aliyecheka, bora wangecheka. Mwalimu akaja akafunga kitabu cha nota, akaniambia imba. Nikaimba ule mwanzo. Akasema umeona ulivyovuta pumzi kabla ya kuimba? Mkono unyanyuke na hiyo pumzi. Hakuongeza neno. Ule mnyanyuko kabla ya sauti ya kwanza ndo umebeba kila kitu, kasi imo humo, sauti ndogo au kubwa imo humo, na wapuliza vyombo wanavuta pumzi pamoja na wewe.

NotaNyeusi:
Kukwama? Kondakta Claudio Abbado aliongoza La Scala, jumba la opera la Milan, Italia, na mwaka 1986 akaanzisha okestra ya vijana ya Gustav Mahler kule Vienna, halafu baada ya hapo ndo akachukua okestra kubwa ya Berlin Philharmonic. Huyo naye alikwama?

Ila mnyororo ninaoupenda mimi ni huu. Kondakta Serge Koussevitzky alimfundisha kondakta mwenzake Leonard Bernstein kwenye mafunzo ya muziki ya Tanglewood, Marekani, kuanzia 1940. Bernstein akabaki na vifungo vya mikono ya shati vya huyo mwalimu wake, akawa anavibusu kabla ya kupanda jukwaani. Uzeeni, hapo hapo Tanglewood, akamfundisha Marin Alsop. Na Alsop alivyochukua okestra ya Baltimore 2007, mwaka uliofuata tu akaanzisha OrchKids ya kufundisha watoto wa mji huo. Hawa watu wanalipa deni, ndivyo ninavyoona mimi.

Pa kuanzia: simu yako. Jorma Panula wa Finland, aliyewafundisha makondakta akina Esa-Pekka Salonen na Sakari Oramo, alikuwa anarekodi wanafunzi wake kwa video wakiongoza okestra ndogo halafu wanakaa kujitazama. Utagundua mkono wa kushoto unaiga wa kulia kama kivuli, wote tunaanza hivyo.

Tarumbeta77:
Mnawapamba sana hawa makondakta. Nilikuwa chini ya mmoja miaka 2, anamsimamisha mtu apige peke yake mbele ya wote akikosea anamkejeli, tarumbeta tulikuwa 4 nikabaki mimi na mwenzangu tu. Kijiti hakumpa mtu hata siku moja. Kwenye maelezo yake eti mlezi wa vipaji 🙄 Kwangu mlezi namjua kwa kuangalia jukwaa lake kamwachia nani.

Na mkuu fidla usiiache. Wengi ninaowajua wanaongoza huku wanafundisha au wanapiga chombo, kijiti peke yake kinachelewa sana kulisha mtu.

Fidla_ya_Pili:
Shukrani wakuu, fidla siachi. Mzee wa Besi, ukiwa unaongoza mwalimu wako alikuwa anakaa wapi? Nikimwona pale mbele nitaganda.

MzeeWaBesi:
Alichukua fidla akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa cha fidla za pili. Tatizo watu wakawa wanamwibia macho yeye badala ya kuniangalia mimi, alivyoshtuka akainamia nota mpaka nikawa naona kipara tu.

Fidla_ya_Pili:
😂😂 hicho kiti ndo changu, na kina mguu unayumba. Ngoja nikakirekebishe kabla ya hiyo siku.