Vyumba vya katuni Florida: Art of Animation, Legoland au Polynesian kwa watoto watatu?

Mama_Watatu

Wakuu, habari za muda. Naomba mnisaidie kuchagua kabla sijalipia. Tunaenda Florida watu watano: sisi wazazi na watoto wa miaka 13, 7 na 4. Nimechuja mpaka zimebaki hoteli tatu: Art of Animation ya Disney (zile suti za familia, chumba na sebule yake), Hoteli ya Legoland kule Winter Haven, na Polynesian ya Disney, ambayo vyumba vyake vilifunguliwa tena mwaka 2021 vikiwa na mapambo ya filamu ya katuni ya Moana.

Picha nimezitazama zote. Kinachonichanganya ni maoni ya waliokwisha kulala huko. Chumba kilekile, mmoja anaandika kuwa watoto walipiga vigelegele mlangoni, wa pili anasema hoteli imeondoa uhai wote ikaacha kuta nyeupe kama wodi. Baba yao kwake chumba ni kitanda na maji ya moto, mengine mbwembwe tu. Ila mimi ndiye nitakayeshinda na watoto humo mvua ikikataa kuacha, kwa hiyo nauliza. Nawasilisha.

Mzee_wa_Mabegi

Karibu Mama Watatu. Ukisoma maoni, anza na tarehe. Watu wanagombana kuhusu zama mbili tofauti kana kwamba ni kitu kimoja.

Zama za kwanza, katuni ilikuwa ndani ya fanicha yenyewe. Mwaka 2009 Caribbean Beach, hoteli nyingine ya Disney, ilipata vyumba vya maharamia, vitanda vyake vilikuwa na umbo la merikebu. Mwaka 2012 ikafunguliwa Art of Animation, na mwaka huohuo Port Orleans Riverside, nayo ya Disney, ikaleta Royal Guest Rooms: unabonyeza kitufe, ubao wa kichwani mwa kitanda unawaka vijitaa kama fataki. Hadithi ya vyumba hivyo ni kwamba Tiana, binti mfalme wa katuni za Disney, amewakaribisha mabinti wafalme wenzake, nao wameacha zawadi zao humo. Mtoto wa miaka mitano akisimuliwa hivyo halali.

Zama za pili zilianza na hoteli ya Disney ya Pop Century, ukarabati uliokamilika mwaka 2018. Zulia likang'olewa, ikawekwa sakafu ngumu. Mashuka yakawa meupe. Kitanda cha pili kikawa cha kukunja ukutani, na kikishakunjwa unabaki na meza. Katuni hazikufukuzwa, ila zimehamia kwenye picha na vitu vidogo vidogo. Malalamiko ya "wodi ya hospitali" mengi yanatoka hapa. Na sifa nyingi pia zinatoka hapahapa, kwa wale waliochoka kuruka masanduku usiku wakienda chooni.

Polynesian ya Moana iko katikati. Rangi ni za bahari, michoro ni ya filamu, lakini mtu asiyemjua Moana anaweza kulala humo asigundue lolote zaidi ya kwamba chumba kinapendeza. Kwangu ndiyo bora kati ya tatu zako, na inachukua watu watano.

Fundi_Mbao

Mzee wa Mabegi ameeleza historia, acha mimi nieleze fanicha, kwa sababu ndiyo kazi yangu na hotelini huwa nainamia uvunguni kabla hata sijafungua begi.

Kitanda cha merikebu kina tatizo ambalo picha haikuonyeshi. Vile vya Caribbean Beach vilikuwa vya upana wa futi nne na nusu, wakati vyumba vya kawaida vya jirani vilikuwa na vya futi tano. Huwezi kuchomoa godoro ukaweka kubwa zaidi, maana ubavu wa merikebu ndio fremu. Ukitaka kubadilisha kimoja, unavunja chote. Wazazi wawili ndani ya futi nne na nusu, tena mmoja anapiga goti kwenye ubavu wa merikebu kila akigeuka! Baadaye vyumba hivyo vilifutwa, sehemu ile ikapewa mapambo ya The Little Mermaid yanayokaa zaidi kwenye rangi na picha. Sishangai. Picha inabadilishwa na mtu mmoja mwenye bisibisi.

Hiyo ndiyo sababu hoteli nyingi zimehamia kwenye ukarabati mwepesi. Watu wanasema ni ubahili. Kiasi fulani ni kweli. Lakini zulia kwenye hoteli ya watoto wanaotoka bwawani miguu imelowa ni balaa: linanusa, linashika mchanga, na ukimwaga juisi alama inabaki mpaka ukarabati ujao. Sakafu ngumu inapigwa deki mara moja. Hasara yake ni kelele, na mtoto akianguka kutoka kitandani anaangukia pagumu. Mama Watatu, huyo wa miaka minne mlaze upande wa ukuta.

Kuhusu kitanda cha kukunja ukutani, watu hukiogopa bure. Kinalala kwenye fremu imara na godoro lake ni godoro la kweli, si sponji la sofa. Kasoro ni moja tu: kikishushwa, meza imekwenda. Kama kuna mtoto wa kufanya kazi ya shule usiku, atafanyia kitandani.

Kaka_Mkubwa

Watoto wataliangalia bwawa, nyie mnaangalia mashuka. Chukueni Art of Animation mmalize. Bwawa lake kubwa, la Nemo, ndilo kubwa kuliko mabwawa yote ya hoteli za Disney kule Florida, na lina spika ndani ya maji. Ukizamisha kichwa unasikia muziki.

Mama_Matofali

Nyote mmeiruka Legoland kana kwamba haipo. Mama Watatu, sikiliza kilichomo ndani ya chumba chake.

Hoteli ya Florida ilifunguliwa mwaka 2015, na chumba chenyewe kimegawanywa. Wazazi wana kitanda kikubwa upande wao. Watoto wana eneo lao: dabo deka, na chini yake kuna kitanda cha tatu cha kuvuta. Watatu, kila mmoja na godoro lake! Kwa familia yako hiyo peke yake inatosha kufunga mjadala, kwa sababu mwenye watoto watatu anajua ugomvi wa nani analala katikati.

Halafu kuna sefu. Ukifika, watoto wanapewa maswali: hesabu vitu fulani vilivyofichwa kwenye zulia, ukutani, kwenye pazia. Majibu yakiwa sahihi ndiyo namba za kufungulia sefu, ndani kuna zawadi. Angalia tofauti iliyopo na ubao wa kuwaka taa. Taa unabonyeza, unashangaa, basi. Hapa mapambo yenyewe ndiyo mchezo, mtoto anatambaa chumba kizima akihesabu, na wewe umepata nafasi ya kupanga nguo. Ninyi mnaosema chumba cha katuni ni rangi tu, mmekutana na vyumba vya rangi tu.

Mlango wa bustani ya michezo ya Legoland uko hatua chache. Mtoto wa miaka minne akichoka saa saba mchana, mnarudi kulala, mnatoka tena jioni.

Mzee_wa_Mabegi

Mama Matofali, usimfiche: Winter Haven ni kama dakika 45 kwa gari kutoka eneo la Disney. Kama safari yao ni ya Disney, watakula barabara kila siku. Na huyo wa miaka 13 atawekwa wapi? Dabo deka yenye mapambo ya maharamia?

Mama_Matofali

Mpe kitanda cha juu na simu yake. Umemaliza. Ila kuhusu barabara umesema kweli, Legoland ni ya wanaokwenda Legoland. Mtu akalale usiku mmoja au mbili pale, kisha ahamie kwingine.

Asiyelala

Niongeze upande wa taa, maana Mama Matofali amezigusa. Tulilala kwenye hoteli moja (siitaji) yenye chumba kilichokarabatiwa upya, mapambo ya anga, nyota dari zima. Kitufe cha nyota kiko usawa wa mkono wa mtoto, kando ya mto. Hakuna swichi nyingine ya kuzima kutoka kwa mzazi. Saa tisa usiku nyota zinawaka. Unanyamaza, zinazima. Ukishika usingizi, zinawaka. Nikaishia kubandika kitufe kwa plasta ya kidonda.

Tangu hapo, picha ya chumba nikiiona sitazami ukuta. Natazama swichi ziko wapi, soketi ziko ngapi karibu na kitanda, na kama pazia linafunika dirisha lote. Wanaopiga picha za ukarabati hawapigi soketi.

Fundi_Mbao

Asiyelala umenichekesha, lakini hiyo hoja ni nzito kuliko zote zilizoandikwa hapa. Vyumba vingi vya zama za kwanza vilibuniwa kabla kila mtu hajawa na simu mbili. Kama kuna kitu ukarabati mpya umekiboresha bila ubishi, ni sehemu za kuchajia.

Dada_Contemporary

Mimi ni wa upande usiopendwa. Contemporary, hoteli nyingine ya Disney, na Polynesian zote zilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, siku moja na bustani ya michezo ya Magic Kingdom. Zilikuwa na sura zao kabla ya filamu yoyote ya sasa. Contemporary ile treni ya juu inapita katikati ya jengo! Jengo kama hilo linahitaji katuni ya nini? Mwaka 2021 wakaweka The Incredibles vyumbani. Wabunifu wana utetezi wao, filamu ile ina mtindo wa fanicha za katikati ya karne iliyopita, unaoshabihiana na jengo, na kusema kweli viti na rangi vimekaa vizuri. Lakini filamu huchuja. Mtoto anayempenda Moana leo atakuwa na mwingine keshokutwa, na ukuta hautahama.

Kwa hiyo Mama Watatu, kama ni Polynesian nenda kwa sababu ya mahali ilipo na nafasi ya chumba. Moana mchukulie kama nyongeza.

Kaka_Mkubwa

Dada, mtoto wa miaka minne hajui 1971.

Dada_Contemporary

Anayelipa anaijua.

Mama_Watatu

Asanteni sana wakuu, hapa nimejifunza kuliko kwenye maoni yote niliyoyasoma. Legoland naiweka pembeni kwa sababu ya umbali, samahani Mama Matofali, sefu imenigusa lakini safari yetu ni ya Disney. Polynesian nzuri, ila bajeti inanikodolea macho. Nimebaki na Art of Animation. Maswali mawili: vile vyumba vyake vya The Little Mermaid si bei nafuu kuliko suti? Na huyu wa miaka 13 ameshasema hataki kulala "kwa watoto". Nifanyeje?

Mzee_wa_Mabegi

The Little Mermaid haiwafai, futa. Hivyo ni vyumba vya kawaida vya watu wanne, nyie ni watano. Isitoshe ndivyo vilivyo mbali zaidi na jengo kuu, na milango yake inafunguka nje moja kwa moja. Suti zina mapambo ya filamu za Finding Nemo, Cars na The Lion King, kila moja inachukua watu sita, ina mabafu mawili, maikrowevu na friji ndogo. Milango iko ndani ya korido. Nemo ndiyo inayopakana na bwawa kubwa, kwa hiyo kelele za mchana zipo.

Kijana mwoneshe Cars. Katika hizo tatu ndiyo isiyomwaibisha mtu wa miaka 13 akipiga picha.

Asiyelala

Kuhusu kulala, msifanye kama wengi wanavyofanya, wazazi kujifungia chumba cha ndani. Suti hiyo ina chumba kimoja chenye mlango, kisha sebule yenye sofa kitanda na meza inayogeuka kitanda. Wa miaka minne atalala saa mbili usiku. Mkimlaza sebuleni, nyie na mkubwa mtakaa gizani chumbani mnanong'ona. Walazeni wawili wadogo chumba cha ndani, fungeni mlango, sebule ibaki yenu, pamoja na friji na televisheni. Kila upande una bafu lake, hakuna wa kumvuka mwenzake.

Fundi_Mbao

Naunga mkono. Na kile kitanda cha meza mpeni huyo wa 13. Kukigeuza ni kazi ya dakika moja, atapenda kukiendesha mwenyewe, na hatalala "kwa watoto". Mzazi mmoja akague vile vifungio usiku wa kwanza.

Mama_Watatu

Ina maana mimi na baba yao ndio wa sofa?

Kaka_Mkubwa

Si alisema kwake chumba ni kitanda na maji ya moto? Sofa ni kitanda.

Mama_Watatu

Nimemsomea. Amesema basi angalau iwe Cars.