Mjadala: GTA VI itauza nakala ngapi PS5 na ngapi Xbox?

Mleta mada

GTA VI, gemu mpya ya Rockstar iliyo chini ya kampuni ya Take-Two, imepangiwa tarehe 19 Novemba 2026, kwa konsoli za PS5 ya Sony na Xbox Series X na S za Microsoft peke yake. Kompyuta haimo siku ya kwanza, PS4 haimo, Switch 2 haijatajwa. Kwamba PS5 itaongoza sioni kama kuna wa kubisha. Ninachouliza ni kiasi. Msimamo wangu: katika kila nakala nne zitakazouzwa miezi 12 ya kwanza, tatu zitakuwa za PS5.

Hesabu ni hii. Hadi mwisho wa Septemba 2025 Sony ilikuwa imeshasafirisha PS5 milioni 84.2. Microsoft iliacha kutangaza idadi ya mashine mwaka 2015, kwa hiyo upande wa Xbox tuna makadirio ya wachambuzi tu, na mengi yanazunguka milioni 30 au pungufu kidogo. Jumla milioni 114, PS5 inabeba asilimia 74. Anayetaka kuipandisha au kuishusha namba hiyo aje na sababu.

Kitabu cha Hesabu

Mkuu, umeteleza kwenye kugawanya. Umechukulia kwamba mwenye Xbox na mwenye PS5 wananunua gemu kwa kiwango kimoja. Mfululizo huu huu unakukatalia. GTA IV ilitoka 29 Aprili 2008 kwa Xbox 360 na PS3 siku moja. Takwimu za NPD, kampuni ya kupima mauzo, za Marekani kwa kipindi cha Aprili, yaani siku chache tu za mauzo, zilitoa nakala milioni 1.85 za Xbox 360 na milioni 1 za PS3. Sasa weka mashine pembeni ya nakala: Mei ile Microsoft ilitangaza kwamba Xbox 360 imefika milioni 10 nchini Marekani, na PS3 ilikuwa haijafika nusu ya hapo. Kwa mashine Xbox ilizidi mara mbili na ushee, kwa nakala haikufika mara mbili. Wenye konsoli chache walinunua kwa kasi zaidi, tena wakati Microsoft ilikuwa imelipa dola milioni 50 ili vipande viwili vya nyongeza vianzie kwake.

Ushahidi wa pili ni Cyberpunk 2077. CD Projekt, waliotengeneza gemu hiyo, ni kati ya kampuni chache zinazotoa mgawanyo wa wazi: nakala milioni 13.7 mwaka 2020, kompyuta asilimia 56, PS4 28, Xbox One 17. Ondoa kompyuta, PlayStation inabaki na kama 62 kwa 38. Lakini kwa mashine, Microsoft yenyewe iliiambia mamlaka ya ushindani ya Brazil mwaka 2022 kwamba Sony iliuza zaidi ya mara mbili ya Xbox katika kizazi kile. Kwa hiyo mara zote mbili upande wenye mashine chache, PS3 kwanza na Xbox baadaye, ulivuta zaidi ya fungu lake. Mimi naweka 70 kwa 30.

Mleta mada

Hoja ya GTA IV naiheshimu, ila naisoma kinyume chako. PS3 ya Aprili 2008 ilikuwa konsoli inayopanda, yenye wanunuzi wapya ambao kabati lao lina gemu mbili tatu. Mtu aliyenunua mashine juzi hununua kila kitu kikubwa kinachotoka. Leo nani ana wanunuzi wapya? Mapato ya mashine za Xbox yalishuka asilimia 29 katika robo ya Julai hadi Septemba 2025 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Kama kanuni ni kwamba mashine changa hununua zaidi, basi inamfaidi Sony.

Na Cyberpunk umeiacha nusu. Gemu ilitoka 10 Desemba 2020, na baada ya wiki moja tu Sony ikaiondoa kwenye PlayStation Store hadi 21 Juni 2021. Xbox iliendelea kuiuza na onyo juu yake. Huwezi kupima mbio ambazo mmoja alifungiwa mlango Desemba, katika wiki za Krismasi.

Kitabu cha Hesabu

Hilo la kuondolewa dukani nalikubali, linaipunguza nguvu namba ya Cyberpunk. La GTA IV nabaki nalo. Shuka hadi 72 ukitaka, usipande.

Diski Mbili

Kabla hamjaenda mbali, mkubaliane mtapima kwa kipimo gani, maana wiki ya kwanza ya gemu hii namba zitamwagika na nyingi zitasomwa vibaya.

Hogwarts Legacy ilipotoka Februari 2023, diski zilizouzwa Uingereza wiki ya uzinduzi ziligawanyika asilimia 82 PS5 na 17 Xbox. Watu wakabeba namba ile kama mgawanyo wa nakala zote. Sivyo. Series S haina sehemu ya kuingiza diski kabisa, na ndiyo Xbox iliyokuwa ya bei rahisi tangu 2020, kwa hiyo kundi kubwa la wenye Xbox haliwezi kuonekana kwenye takwimu za diski hata likinunua lote. PS5 nayo ina toleo lisilo na diski, lakini sehemu yake kwenye jumla ya PS5 ni ndogo kuliko ya Series S kwenye jumla ya Xbox. Takwimu za diski daima zitaipendelea PlayStation. Ukiona 80 kwa 20 kutoka madukani, mgawanyo halisi uko chini ya hapo.

Halafu orodha za mauzo za Circana (ndiyo NPD ya zamani) za Marekani hupangwa kwa dola, si kwa idadi. Anayenunua toleo la bei ya juu anaihesabia konsoli yake zaidi. Na neno "zimesafirishwa" si sawa na "zimeuzwa": diski iliyotoka kiwandani kwenda dukani imeshahesabiwa kwa mchapishaji hata kama iko kwenye rafu. Wiki ya kwanza tofauti hiyo ni kubwa, baada ya miezi sita inakuwa ndogo. Kwa sababu hiyo kipimo cha miezi 12 alichoweka mleta mada ni sahihi.

Feni ya Shaba

Hakuna aliyegusa mashine yenyewe, na humo ndimo ninamoona Xbox ikipoteza.

Series X ina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 16, PS5 GB 16, Series S GB 10. Katika hizo 10, GB 8 ndizo zenye kasi, GB 2 zilizobaki zinakwenda robo ya kasi hiyo, na mfumo wenyewe unachukua sehemu yake. Microsoft inataka gemu ya Series X iende na Series S pia, huwezi kuiacha ndogo nyuma. Tumeona matokeo. Baldur's Gate 3 ilifika PS5 tarehe 6 Septemba 2023, Xbox ikasubiri hadi Desemba kwa sababu ya kucheza wawili kwenye skrini moja iliyogawanywa, na ikatoka bila kipengele hicho kwa Series S, ambayo ilikipata Aprili 2025. Black Myth: Wukong ilitoka PS5 Agosti 2024, Xbox ikaipata mwaka mzima baadaye.

GTA VI haitachelewa kwa Xbox namna hiyo, Rockstar hutoa siku moja. Hatari iko kwenye picha. Mji uliojaa watu na magari unakula RAM kuliko kitu kingine, na ukikosa RAM unapunguza magari barabarani, unapunguza umbali wa kuona, unashusha ubora wa sura za vitu. Siku ya pili kila mtu atakuwa na video ya ulinganisho mkononi. Anayetaka kununua mashine kwa ajili ya gemu hii ataamua kwa video hizo. Rockstar walishasema trela ya pili, ya Mei 2025, ilirekodiwa kwenye PS5. Macho ya watu yameshazoea gemu hiyo ikiwa kwenye mashine ya Sony.

Jambo la pili ni nafasi. Series S ya GB 512 inakuachia kama GB 364. Red Dead Redemption 2 peke yake ilikuja kwa diski mbili na kuzidi GB 100 baada ya masasisho. Ukijaza, Xbox inakutaka ununue kadi yake maalumu ya kuongeza nafasi, kwa sababu diski ya nje ya USB haiwezi kuendesha gemu za kizazi hiki, inazihifadhi tu. PS5 unafungua kifuniko na kuweka M.2, yaani SSD ndogo ya kompyuta, ya kawaida: NVMe ya PCIe kizazi cha 4, Sony inapendekeza kasi ya kusoma MB 5,500 kwa sekunde au zaidi, iwe na kipoza joto, na unene wote pamoja na kipoza joto usizidi milimita 11.25. Wengi hukosea kwenye unene huo: wananunua M.2 yenye kipoza joto kikubwa cha kompyuta, kifuniko cha nafasi hiyo hakifungi.

Pedi Nyeusi

Feni, hoja ya RAM ni nzuri kwa mtu anayechagua mashine leo, lakini mwenye Series S tayari hataacha kununua GTA kwa sababu majani ni machache. GTA V ilikuja kwa PS3 na Xbox 360 zenye MB 512 za RAM, ikaingiza dola bilioni 1 kwa siku tatu.

Bei nayo muitazame. Series S ilianza dola 299 mwaka 2020, na kufikia Oktoba 2025 ilikuwa 399.99 Marekani. PS5 isiyo na diski ilianza 399 ikafika 499.99. Pengo lilikuwa bado lile lile la dola 100, ila dola 400 si bei ya kununua bila kufikiri. Zamani Series S ilikuwa mashine ya pili nyumbani, kwa bei hii haiwezi tena. Napunguza fungu la Xbox kwa sababu hiyo tu.

Game Pass, usajili wa Xbox wa kucheza gemu nyingi kwa malipo ya mwezi, msiipe uzito. Mkuu wa Take-Two, Strauss Zelnick, amesema mara nyingi kwamba kuweka gemu mpya kubwa kwenye usajili siku ya kwanza hakuna maana kibiashara. Itanunuliwa kwa bei kamili pande zote.

Kitabu cha Hesabu

Pedi, Game Pass ina uzito kwa njia nyingine. Aliyelipa usajili miaka minne amezoea kutonunua. Sisemi hatanunua GTA, nasema atachelewa.

Vocha

Wote mnahesabu mashine zilizopo sasa. Wa kuamua ni wa PS4. Mei 2024 Sony ilieleza kwamba watumiaji wake wa kila mwezi wamegawanyika nusu kwa nusu kati ya PS4 na PS5, miaka mitatu na nusu baada ya PS5 kutoka. Watu hao GTA Online yao (GTA ya kucheza na wengine mtandaoni), marafiki zao na vikombe vyao vya ushindi viko PlayStation, na GTA Online haijawahi kuwaunganisha wa PlayStation na wa Xbox kwenye seva moja. Mwenye kundi lake la kucheza hahami peke yake. Wakihama watahamia PS5, na mashine mpya itanunuliwa pamoja na gemu. Mimi nasema 77.

Kwa wa Dar, Nairobi na Kampala: nakala zetu hazitaonekana kwa jina letu. Mei 2024 Helldivers 2, gemu ya Sony, ilipofungiwa kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, katika nchi 177 zisizo na huduma rasmi ya PSN (mtandao wa PlayStation), nchi zetu zilikuwemo. Wengi hapa wana akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na ununuzi unahesabiwa huko. Nchi ya akaunti ya PSN haibadilishwi ukishaifungua, na vocha lazima iwe ya nchi ile ile. Diski ya PS5 inacheza mashine yoyote, lakini nyongeza na pesa za ndani ya gemu hufuata eneo la diski: diski ya Ulaya na vocha ya Marekani haviendani. Angalia alama ya umri kwenye kasha kabla hujalipa, PEGI ni ya Ulaya, ESRB ni ya Marekani.

Na diski moja ikipita kwa watu watano mtaani, kwa Take-Two ni nakala moja.

Diski Mbili

Vocha, hilo la mwisho linagusa 77 yako. Diski zinazozunguka zaidi ni za PlayStation, kwa hiyo wachezaji wa PS5 watakuwa wengi kuliko nakala zake. Series S haina cha kuazimana, kila mchezaji ni nakala, ukiacha wanaogawana akaunti. Punguza pointi moja au mbili.

Mleta mada

Nimewasikia. Nabaki na 75, na naeleza nitakavyopima. Take-Two haitoi mgawanyo wa PlayStation na Xbox, ripoti zake huweka konsoli zote kwenye fungu moja. Kwa hiyo Novemba 2027 tutachukua takwimu za Uingereza na Ulaya zinazojumuisha diski pamoja na upakuaji. Za diski peke yake hazikubaliki. PS5 ikiwa chini ya 72, Kitabu ameshinda. Ikiwa 77 au zaidi, ni Vocha. Marekani tuiweke kando kwa sababu Xbox ina nguvu zaidi kule kuliko Ulaya na Japani, na anayetaka kuiingiza alete kwanza namba ya nakala, si ya dola.