Uso unaolika unanitokea kama meno ya msumeno, nakosea wapi?

Wakuu, naigiza kwa kompyuta silinda ya chuma inayosuguana na bamba bapa, inaenda mbele nyuma maikromita 25 tu. Natumia kanuni ya Archard, yani kina cha kulika = kigezo × presha × umbali wa kuteleza, halafu kila nodi (nukta ya uso kwenye modeli) naishusha kwa kina hicho. Mizunguko ni laki moja so naruka 2,000 kwa mpigo, yani napiga hesabu ya mmoja nazidisha kwa 2,000. Mwanzo poa, baadae presha inarukaruka hovyo.

>> Mruko mkubwa mno huo. Nodi ikilika kupitiliza inaachana na uso wa pili, presha yake inakuwa sifuri, mzigo unamhamia jirani, naye raundi ijayo analika kupitiliza, ndo hayo meno yako.

>> Na mwanzoni ndo pabaya zaidi, presha ya Hertz (ya mgusano kabla uso haujalika) imejaa katikati. Kovu la kulika likishapanuka presha inashuka, inatandaa, hapo ongeza mruko mdogomdogo.

>> Cheki pia kama sehemu yote inayogusana inateleza. Katikati pakiganda bila kuteleza hapaliki kabisa, presha inapanda mpakani mwa palipoganda, meshi (wavu wa nodi) ikiwa na macho makubwa hapo itakudanganya.

>> Asanteni, mruko wangu nimeushusha hadi 200, meno yameisha! Ila kompyuta inakesha sasa 😅