Tajiri anataka kuwachukua mabondia wangu wawili: je, fedha za aina hii zinainua ngumi za kulipwa?

Kocha wa Ngarenaro

Habari za kazi, wanajamvi. Ninafundisha ngumi katika ukumbi mdogo hapa Ngarenaro, Arusha, ambako vijana kumi na wawili wanapokezana jozi nne za glovu na begi moja la mazoezi ambalo tumelishona mara nyingi mno. Wawili kati yao wamekwisha kuingia kwenye ngumi za kulipwa, katika mapambano ya utangulizi ya raundi nne na sita, na wana kipaji ambacho hata mtu asiyejua ngumi hukiona. Mmoja hubeba mizigo Soko la Kilombero, mwenzake huendesha bodaboda, hivyo jioni hufika mazoezini wamechoka, na siku nyingine hawajatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi.

Mwezi huu amejitokeza mfanyabiashara wa madini, mtu anayeheshimika mjini, akitaka kuwachukua wote wawili. Ameahidi chakula, kodi ya chumba, vipimo vya afya, nauli ya Dar es Salaam kila pambano likipatikana, pamoja na vifaa vipya kwa ukumbi mzima. Kwa upande wake anataka mkataba wa miaka mitano ambao utamfanya awe meneja wao na pia promota wa mapambano atakayoyaandaa. Sina sababu ya kumsema vibaya, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kupiga hodi kwetu. Ninachoomba kujua ni hiki: matajiri wanaoingia katika ngumi za kulipwa, hapa kwetu na ulimwenguni, wanauinua mchezo, au wanaupamba usiku mmoja tu wa pambano na kumwacha bondia palepale alipokuwa?

Shabiki wa Sakina

Kocha, mimi ningempokea kwa mikono miwili. Kwa miaka mingi sisi mashabiki wa uzito wa juu tulielezwa sababu zisizokwisha za kwa nini bingwa huyu hawezi kukutana na yule: mara mapromota hawaelewani, mara televisheni zinavutana, mara kila mmoja analinda mkanda wake. Saudi Arabia ilipofungua mfuko kupitia Turki Alalshikh, mkuu wa mamlaka yake ya burudani, Tyson Fury na Oleksandr Usyk walipanda ulingo mmoja mjini Riyadh tarehe 18 Mei 2024, na Usyk akawa bingwa wa kwanza asiyepingwa, yaani mwenye mikanda yote mikubwa, wa uzito wa juu tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Oktoba ya mwaka huohuo, katika mji huohuo, Artur Beterbiev alikutana na Dmitry Bivol, wote wawili wakiwa hawajawahi kupoteza pambano la kulipwa. Beterbiev akashinda kwa pointi, na Februari 2025 wakarudiana, safari hiyo Bivol akashinda. Marudiano ya haraka namna hiyo tulizoea kuyasubiri hadi wahusika wazeeke.

Hapa nyumbani pia, tangu Azam TV ianze kuonyesha ngumi, bondia wetu anajulikana hadi vijijini. Karim Mandonga alipata umaarufu wa nchi nzima, hata kama wengine tulimpenda zaidi kwa maneno ya kabla ya pambano kuliko kwa yale yaliyofuata kengele ilipolia.

Mzee wa Pasua

Kijana wangu wa Sakina, uliyoyasema ni kweli, ila umeyatazama ukiwa kwenye viti. Mimi niliyatazama nikiwa ulingoni, hapa Moshi na kwingineko, katika miaka ya tisini. Promota mmoja, ambaye sitamtaja, alinipa nusu ya malipo siku ya kupima uzito akaniambia nusu nyingine nitaipata baada ya viingilio kuhesabiwa. Nilipigana raundi nane nikiwa na ubavu unaouma, nikashinda, kisha nikawa mtu wa kuambiwa "njoo Jumatatu" hadi Jumatatu zikaniisha. Ukumbi ulikuwa umejaa. Sikuonyeshwa hesabu yoyote, na wakati huo sikujua hata kwamba ningeweza kuidai.

Usidhani ni mambo ya Pasua peke yake. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipopigana Kinshasa, kwao ilikuwa alfajiri na kwetu asubuhi, nikayasikia matokeo njiani nikielekea shuleni. Promota wa Kimarekani Don King alikuwa amemwahidi kila bondia dola milioni 5 ambazo mwenyewe hakuwa nazo. Aliyebeba mzigo huo ni serikali ya Mobutu, katika nchi ambayo watu wake wengi hawakuwa na maji ya bomba. Pambano lile lilikuwa zuri kupita kiasi, sikatai. Lakini miaka sita baadaye Ali, akiwa na umri wa miaka 38, alipigwa vibaya na Larry Holmes katika pambano la King huyohuyo, akalipwa pungufu kwa zaidi ya dola milioni moja, akafungua kesi, kisha akaiacha kwa dola 50,000. Mike Tyson naye alimshtaki King mwaka 1998 akidai dola milioni 100, na mwaka 2004 wakamalizana kwa milioni 14. Ikiwa watu wenye majina hayo walihitaji mahakama, wewe Kocha vijana wako watakwenda kwa nani?

Sisi wa upande huu wa mlima tunaufahamu utaratibu wa Mirerani, kwenye migodi ya tanzanite. Bosi analisha wanaapolo, yaani wachimbaji, nao hawadai mshahara, wanasubiri jiwe, na jiwe likitoka anayeijua bei yake ni yule aliyelipeleka sokoni. Serikali ilijenga ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka migodi mwaka 2018 ili ijulikane kinachotoka. Ngumi hazina ukuta.

Bondia wetu Hassan Mwakinyo alipokwenda Birmingham, Uingereza, Septemba 2018 kupigana na Sam Eggington, aliitwa kama mtu wa kushindwa, akammaliza raundi ya pili. Ushindi ule ulitoka mazoezini.

Shabiki wa Sakina

Mzee wangu, nakubali kuhusu Mwakinyo, lakini ule ukumbi, taa zile na pambano kuu la usiku ule la bondia Mwingereza Amir Khan viliandaliwa kwa fedha za nani? Angeshinda palepale Tanga bila kamera, nani angelijua jina lake Uingereza?

Wakili wa Njiro

Shikamoo Mzee, na Kocha pia nakusalimu. Naona mabishano yameelekea kwenye swali la kama fedha ni nzuri au mbaya, ilhali kifungu kinachonitia shaka katika maelezo ya Kocha ni kile cha meneja kuwa promota. Kazi ya meneja ni kumtafutia bondia malipo makubwa kwa mpinzani anayefaa. Kazi ya promota ni kuandaa pambano kwa gharama itakayomwachia faida. Mtu mmoja akizishika zote mbili, anakaa mezani kujadiliana bei na nafsi yake, na bondia yuko nje ya mlango.

Marekani iliyaona haya ikatunga mwaka 2000 sheria iliyopewa jina la Muhammad Ali. Katika mapambano ya raundi kumi na kuendelea, sheria hiyo inamkataza promota kuwa na maslahi katika umeneja wa bondia, na meneja kuwa na maslahi katika uandaaji. Pia inamlazimu promota kumweleza bondia kiasi atakachopata yeye kutokana na pambano na makato yote yatakayofanywa, na haki za kumwandalia mapambano ya baadaye ambazo bondia hulazimishwa kumpa promota ili apate pambano fulani zimewekewa ukomo wa miezi 12. Mwaka 2025 uliwasilishwa huko muswada wa kuruhusu shirika moja kuandaa mapambano, kupanga mabondia kwa viwango na kutoa mikanda yake lenyewe, ukiungwa mkono na wawekezaji wakubwa. Kwa hiyo hata walioiandika sheria hiyo bado wanavutana nayo.

Sheria hiyo haitumiki Arusha, lakini hakuna kinachokuzuia kuandika masharti yake katika mkataba. Mwombe tajiri achague kofia moja. Miaka mitano iwe miwili, yenye kuongezwa kwa hiari ya pande zote. Fedha za chakula na kodi zielezwe wazi kama ni msaada au ni mkopo, kwa sababu hapo ndipo nimewahi kuona kijana akishinda pambano na kuambiwa bado anadaiwa. Mkataba upelekwe pia kwa kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa, TPBRC, kabla ya kusainiwa.

Mzee wa Pasua

Marahaba, mwanangu. Hilo la mkopo lisomwe mara mbili.

Kocha wa Ngarenaro

Nawashukuru nyote. Nimeonana na mfanyabiashara leo mchana. Kuhusu miaka miwili amekubali bila shida, na chakula amesema ni msaada, naye yuko tayari kuandika hivyo. Suala la kofia moja halikumfurahisha. Ameuliza ni nani atakayeandaa mapambano hapa Arusha ikiwa si yeye, na kwa kweli sikuwa na jina la kumtajia. Ameomba wiki moja ya kufikiri.

Vijana nimewasomea majibu haya yote baada ya mazoezi. Yule wa bodaboda alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama glovu zitaletwa kabla ya kusaini au baada.