Michongo ya kale miambani: tuamini mkono au kamera?

Mwenye mada, Mtwara Mjini
Vijana wanajiandaa kukagua milima ya mawe ya Masasi. Wakikuta mchongo, waunakili kwa kutandika plastiki angavu juu ya mwamba, au wapige picha tu, programu itoe umbo la pande tatu? Mimi nasema picha. Plastiki huteleza, na ukisogeza kichwa kidogo mstari unahama. Halafu mchoraji ndiye anayeamua kipi mchongo, kipi ufa. Anayepokea karatasi haoni kilichoachwa.

Kilwa Masoko
Hapo sikubaliani nawe, ndugu. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alinakili kwa mkono michoro ya miambani kule Kondoa mwaka 1951, na nakala zake bado zina faida.

Mwenye mada
Michoro ya Kondoa ni rangi juu ya mwamba. Mchongo ni kina.

Kilwa Masoko
Sawa, lakini kina hicho nani anakisoma? Mfereji uliogongwa kwa jiwe una vidoti vidoti. Ufa wa asili hupita moja kwa moja hadi nje ya mchoro. Tofauti hiyo inaonekana kwa lenzi ya mkononi, umepiga magoti. Picha zikipigwa kwa mbali, programu inalainisha uso na mfereji wa milimita moja unapotea.

Lindi
Jamani, mwanga! Jua la utosi halitoi kivuli. Ngojeni giza, tochi ilale nyuzi 10 hadi 15 kutoka usoni mwa mwamba. Wengi hukosea hapa: mfereji unaofuata mwelekeo wa miali hautoi kivuli, hauonekani. Tochi ya upande mmoja itawapa mnyama wa miguu miwili wakati amechongwa minne. Izungusheni tochi pande 8, kamera itulie kwenye stendi. Kwa umbo la pande tatu ni kinyume: mwanga wa mawingu, kila picha irudie asilimia 70 hadi 80 ya eneo la picha iliyotangulia, na rula ndani ya picha. Bila rula umbo halina kipimo.

Kilwa Masoko
Na chaki marufuku! Ukijaza mfereji chaki, atakayekuja kesho atapiga picha ya maoni yako. Kusugua karatasi juu ya mchongo nako hung'oa chembe za jiwe. Kwenye matumbawe yaliyochongwa ya Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la kale Kilwa Kisiwani, msithubutu.

Mwenye mada
Basi narekebisha. Picha kwanza, na faili ghafi, yaani picha kama zilivyotoka kwenye kamera, zisifutwe. Kisha watu wawili wachore juu ya picha iliyochapwa, mbele ya mwamba, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, mstari huo uwe wa vidoti.

Kilwa Masoko
Na vidoti hivyo vibaki mpaka kwenye ripoti ya mwisho. Vikifutwa huko, narudi kupinga.