Mtwara hadi Mwanza kwa ndege, mbona saa nyingi hivi? Naomba ushauri

Mwana Shangani: Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 71 na miguu yake inavimba akikaa muda mrefu. Dada amejifungua Mwanza, mama anataka afike kabla ya arobaini. Basi nimelikataa kabisa: hapa hadi Dar ni kilomita 560 hivi, na Dar–Mwanza zaidi ya 1,100. Kwenye ramani nimepima Mtwara–Mwanza kwa mstari ulionyooka, nikapata kama kilomita 1,190. Kwa mwendo wa ndege hizo ni saa mbili hivi. Lakini ratiba niliyotafutiwa inasema safari nzima ni saa saba! Nimetafutiwa vibaya?

Fundi Mikindani: Mkuu, hesabu yako haina kosa, ila ndege haipiti kwenye huo mstari. Lazima mama ashuke Dar abadilishe. Mtwara–Dar angani ni kama kilomita 400, Dar–Mwanza 850. Jumla 1,250, yaani kupitia Dar kunaongeza kilomita 60 tu. Kinachokula saa ni kusubiri. Safari ya kwanza ni saa moja hivi, ya pili saa moja na nusu. Ukitoa kwenye saba, mama atakaa uwanjani Dar saa nne na nusu! Mtafutie yenye kusubiri saa mbili au tatu.

Bi Chikongola: Mbili au tatu sawa, ila chini ya hapo usithubutu. Na kata tiketi moja ya Mtwara hadi Mwanza. Mimi mwaka jana nilikata mbili kwa mashirika tofauti. Mvua ikachelewesha ya huku, nafika Dar ya pili imeshaondoka, na wale wa pili wakaniambia kuchelewa kwangu hakuwahusu. Nauli ikapotea, nikalala kwa shangazi Mbagala. Ikiwa tiketi moja, shirika lenyewe ndilo linalotakiwa kumtafutia mama ndege nyingine.

Mwana Shangani: Asante dada, pole sana. Hizi nilizopewa ni mbili kweli! Kesho narudi kwa wakala.

Babu Newala: Kijana, angalia na saa ilivyoandikwa. 07:10 ya tiketi ni saa moja na dakika kumi asubuhi. Bibi yako hapa aliisoma saa saba. Tumefika mchana na mabegi yetu, ukumbi mtupu, mfagizi peke yake. Mwandikie mama kwenye karatasi kwa saa zetu: ndege saa moja na dakika kumi, uwanjani saa kumi na moja alfajiri.

Mwana Shangani: Shikamoo babu. Nitaandika kwa herufi kubwa. Je, pale Dar atatembeaje na miguu ile?

Bi Chikongola: Omba kiti cha magurudumu siku ileile unayokata tiketi, usingoje siku ya safari. Mfanyakazi anamsukuma hadi ndege ya pili. Na ndani ya ndege asimame kila akiruhusiwa, anyooshe miguu. Lakini kwanza muulize daktari wake, uvimbe huo si wa kupuuza.

Mwana Shangani: Kliniki ni Jumatatu, nitaenda naye. Ameshaanza kuulizia ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ya kumpelekea dada.

Fundi Mikindani: Ming'oko mbichi iende kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Korosho abebe mkononi.